Kabla hujatia taa kubwa za studio kwenye kontena

Huku Marekani taa kubwa za studio za mtumba zinauzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine unapewa bure mradi uje na gari. Zamani za filamu ziligombaniwa: kwa filamu ya ISO 100, isiyohisi mwanga sana, na lenzi iliyobanwa mpaka f/32, yaani tundu dogo kabisa la mwanga, flashi ilibidi iwe na nguvu za kutisha. Leo kamera ya dijitali inapiga ISO 1600 na picha inatoka safi, kwa hiyo dubwana la wati-sekunde 2400 (kipimo cha nguvu ya mmweko wa flashi) limebaki kula nafasi ya mtu anayelipa kodi kila mwezi.

Nasi wageni ndio tunaoyabeba. Mtu anaona bei, anakumbuka nyumbani kuna nafasi, anajisemea "nitayapeleka". Nina softboksi, lile hema la kitambaa linalofungwa mbele ya taa kulainisha mwanga, ya sentimita 180. Nikiifungua sebuleni, fito zake zinakwaruza dari na mlango wa jikoni haufunguki. Kweli, nyumbani ningeitandaza uani na watu wangepita. Lakini nafasi ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni umeme, na hapo ndipo wengi tunapojidanganya.

Huku ni volti 120, hezi 60. Afrika Mashariki ni volti 230 mpaka 240, hezi 50. Globu ya halojeni ya volti 120 ukiichomeka kwenye 240 inakufa papo hapo, na kisanduku cha flashi, kile kinacholisha umeme vichwa vya taa, kisicho na swichi ya kuchagua volti kinaweza kufa nayo. "Si utaweka transfoma?" Transfoma ya kuhimili mzigo ule ni chuma kingine kizito cha kusafirisha. Geuza kisanduku usome kibandiko cha nyuma: kama hakijaandikwa 100–240V, au 230V, usikipeleke.

Halafu kuna kapasita, kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme wa mmweko. Flashi iliyolala stoo miaka mingi haiwashwi kwa nguvu zote siku ya kwanza; unaanza na nguvu ya chini kabisa, unaiacha ikae, unapandisha polepole. Na mwambieni fundi asiifungue kwa pupa. Hata ikiwa imechomolewa, umeme uliobaki ndani unaweza kuua mtu.

Cha kusafirisha ni vile visivyokula umeme: stendi nzito, reflekta, miavuli, na hasa softboksi kubwa. Hapa nina ubishi wangu. Watu wanadhani ngozi nyeusi inataka taa kali. Inataka chanzo kipana, kisogezwe karibu, mng'ao utandae shavuni badala ya kuacha doa jeupe kwenye paji la uso. Kitambaa kile hakijali volti ngapi. Angalia tu pete yake ya kuifungia kwenye taa: ikiwa ni ya mfumo wa Bowens, kampuni iliyotengeneza taa za studio, umepona. Kampuni yenyewe ya Uingereza ilifungwa mwaka 2017, lakini taa nyingi za LED za sasa bado zinapokea pete hiyo.

Jambo linaloniudhi kwetu tulioko nje ni kufanya nyumbani stoo ya vitu tunavyoona uchungu kuvitupa. Mpiga picha wa kule ana harusi uwanjani, ana umeme unaokatika katikati ya kazi, ana pikipiki ya kubebea vifaa. Nilimwuliza mdogo wangu, ambaye kazi yake ndiyo hiyo, kama nimtumie kisanduku na vichwa vyake viwili. Akajibu: "Kaka, uza hiyo, nitumie hela ninunue ya betri. Ila softboksi naitaka."

Basi softboksi na stendi nimeshazifunga. Kisanduku natafutia chuo cha huku kinachofundisha upigaji picha, maana wanafunzi wana ukumbi mkubwa na soketi za volti 120. Wakikikataa, kitakwenda kwenye kituo cha kuchakata taka za umeme.