Rigobert Song hakuwa kocha wa hamasa tu

Tangu Shirikisho la Soka la Cameroon, FECAFOOT, liamue Februari 2024 kutomwongezea mkataba kocha wa timu ya taifa, Rigobert Song, hukumu inayorudiwa vijiweni na kwenye vipindi vya michezo ni ile ile: nahodha mkubwa aliyepewa timu kwa jina lake, hodari wa kutia ari, mtupu wa mbinu. Sehemu ya hukumu hiyo ni ya haki. Sehemu kubwa zaidi imetolewa bila kuangalia mechi zenyewe.

Wanaomlaumu wana hoja nzito kwenye namna alivyoipata kazi. Aliteuliwa mwishoni mwa Februari 2022 kwa maelekezo ya Rais wa nchi, yakatangazwa na wizara ya michezo, miezi michache tu baada ya Samuel Eto'o, rafiki na mwenzake wa miaka mingi uwanjani, kuchaguliwa kuongoza shirikisho. Aliyempisha, Mreno Toni Conceição, alikuwa ametoka kushika nafasi ya 3 kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, akitolewa na Misri kwa penalti. Song alikuwa na nini mkononi? Vijana wa Cameroon wa chini ya miaka 23, na kabla ya hapo Chad, timu ambayo Watanzania wanaikumbuka: ndiyo iliyojitoa kwenye kufuzu AFCON Machi 2016 kwa kukosa fedha, siku chache baada ya Taifa Stars kuifunga kwao N'Djamena, na ushindi ule ukafutwa. Huo ni wasifu mwepesi kwa benchi zito kama la Simba Wasiofugika, timu ya taifa ya Cameroon.

Namba inayonisumbua zaidi ni ya mabao. Kwenye mashindano mawili, Kombe la Dunia 2022 na AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, Cameroon ya Song ilicheza mechi 7 na kufungwa mabao 12. Hii ni timu ya mtu aliyecheza mechi 137 za taifa kama beki, akaenda AFCON 8 na kutwaa 2. Uswisi 1, Serbia 3, Guinea 1, Senegal 3, Gambia 2, Nigeria 2. Katika mechi zote hizo, siku nyavu zake hazikuguswa ni moja pekee, na aliyekuwa upande wa pili ni Brazil.

Ukitazama mabao yenyewe yalivyoingia, unaona timu iliyokuwa ikipasuka kwa dakika chache kisha ikajikusanya. Dhidi ya Serbia walikuwa mbele 1-0 mpaka mwisho wa kipindi cha kwanza. Wakafungwa mawili kwenye dakika za nyongeza, na la tatu dakika ya 53. Dhidi ya Gambia walitangulia, wakafungwa mawili kati ya dakika ya 72 na 85, kisha wakashinda 3-2 kwa kichwa cha beki wao Christopher Wooh mwishoni kabisa. Kingine ni golini. Katika mechi hizo 7 walidaka makipa 3: André Onana mara 2, Devis Epassy mara 2, Fabrice Ondoa mara 3. Ukuta unaobadilishiwa kipa hivyo hauwezi kujua nani anatoka kwenye krosi na nani anabaki mstarini. Uamuzi wa mwisho juu ya kipa ulikuwa wa Song, kwa hiyo lawama hii ni yake.

Ila tuuangalie uamuzi wa kumweka Onana pembeni saa chache kabla ya mechi ya Serbia, kwa sababu hapo ndipo anapoitwa kocha wa hasira. Onana alitaka kucheza kama alivyozoea klabuni, kutoka nje ya boksi na kuanzisha mashambulizi kwa miguu. Song hakutaka hatari hiyo, na akasema wazi kwamba timu iko juu ya mchezaji mmoja. Unaweza kumpinga, mimi naona gharama ilikuwa kubwa. Lakini huo ni msimamo wa kimbinu wenye historia nyuma yake. Fainali ya AFCON 2008 jijini Accra, dakika ya 77, Song mwenyewe alichelewa kuuondoa mpira, Mohamed Zidan akampokonya, Aboutrika akafunga, Misri ikabeba kombe kwa bao hilo moja. Mtu aliyepitia jambo lile mbele ya bara zima ana sababu ya kumwambia kipa apige mpira mbele. Na Januari 27, 2024, Abidjan, likajirudia kwa kijana wake: beki Oumar Gonzalez akanyang'anywa mpira na Victor Osimhen, Ademola Lookman akaweka nyavuni, Nigeria ikashinda, na safari ikaishia hatua ya 16 bora. Kocha aliyekuwa ameonya juu ya hatari ile ile hawezi kusemwa hakuiona.

Upande wa pili wa daftari lake unasomwa kwa haraka mno. Mechi zake mbili za kwanza zilikuwa za mchujo wa Kombe la Dunia dhidi ya Algeria. Akafungwa 1-0 Douala, watu wakaanza kuzika timu. Siku nne baadaye, Blida, mshambuliaji Choupo-Moting akasawazisha jumla ya mechi mbili, Algeria ikapata bao dakika ya 118 lililoonekana kumaliza kila kitu, na Karl Toko Ekambi akafunga dakika ya 124. Jumla ikawa 2-2, na Cameroon ikafuzu kwa kuwa na mabao mengi zaidi ya ugenini. Ari ilikuwepo, sibishi. Ila ari haimwambii kocha amtoe kiungo na kumwingiza Vincent Aboubakar timu ikiwa nyuma 3-1 dhidi ya Serbia. Dakika ya 55 aliingia. Ya 63 akamchopea kipa. Ya 66 akampasia Choupo-Moting, ikawa 3-3.

Kuhusu ushindi wa 1-0 dhidi ya Brazil kwenye Kombe la Dunia 2022, najua jibu la haraka: walikuwa wamefuzu na walipumzisha watu. Ni kweli. Hata Song alipanga mabeki wa kati ambao hawakuanza mechi mbili za mwanzo, Wooh wa miaka 21 na Enzo Ebosse, mbele yao wakiwa washambuliaji wa Brazil Martinelli, Antony na Gabriel Jesus. Walishika mpaka Aboubakar akafunga kwa kichwa dakika za nyongeza. Hakuna timu ya Afrika iliyowahi kuifunga Brazil kwenye Kombe la Dunia kabla ya usiku ule. Mwaka 1994 Song mwenye miaka 17 alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Brazil hiyo hiyo.

Mwenzake wa kulinganishwa naye ni Aliou Cissé, nahodha wa zamani wa Senegal aliyekuja kuwa kocha wake. Fainali ya AFCON 2002, Bamako, Cissé ndiye aliyekosa penalti ya mwisho ya Senegal, na Song akanyanyua kombe. Senegal ikampa Cissé timu mwaka 2015. Akatolewa robo fainali 2017, akatoka makundi Kombe la Dunia 2018, akapoteza fainali 2019, ndipo Februari 2022 akaleta kombe. Walipokutana kama makocha Yamoussoukro, Januari 2024, Cissé alishinda 3-1 akiwa na kikosi alichokijenga kwa karibu miaka 9. Song alikuwa hajatimiza 2.

Sisemi angefika alikofika Cissé. Sare na Namibia nyumbani na kufungwa nayo 2-1 Soweto kwenye kufuzu hakuna wa kuzitetea, na tiketi ilipatikana kwa kuilaza Burundi, 1-0 Dar es Salaam na 3-0 Garoua. Ninachosema ni kwamba alihitaji muda wa kutulia na kipa mmoja na mabeki wale wale wanne, na hakuupata. Aprili 2024 wizara ikamteua Mbelgiji Marc Brys, Eto'o na wizara wakaingia kwenye mvutano hadharani, na kila upande ukadai ndio wenye haki ya kuchagua benchi. Song hakuwepo tena wa kulaumiwa kwa hilo.