Wali wa Koliflawa, Hapa Hapa Mbeya

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, hata banda la kuku ukileta vyuma nakuchomelea. Nikitoka kazini kule Mafiati jioni macho yanawasha, nguo zinanuka moshi, na baridi ya mwezi wa saba imeshanikata masikio. Kwa hali hiyo nina ombi moja tu hapa duniani: ugali wa moto, maharage yaliyoungwa yakaungika, na usipa wa Ziwa Nyasa wakipatikana. Basi. Sijawahi kumsumbua mtu.

Siku sita za wiki ombi langu linasikilizwa. Jumamosi, jamani, Jumamosi mimi si baba mwenye nyumba. Mimi ni mlaji namba tano.

Mambo yalianza siku mke wangu aliporudi kutoka kwenye kikoba. Sijui wanawake wale walikopeshana pesa au maneno, maana alifika hajavua hata viatu akasema, "Baba Watoto, unajua tangu tuoane tunakula mboga tatu? Maharage, chainizi, dagaa. Kesho yake chainizi, dagaa, maharage." Nikamjibu kwamba hizo tatu ndizo zilizotufikisha hapa, na watoto wote watatu miguu imenyooka. Hakucheka. Akatoa kaunta buku mpya, akapiga mistari kwa rula kama karani wa kata. Sheria zikasomwa: kila Jumamosi kitu kimoja ambacho hatujawahi kupika kitaingia sufuriani, kila mtu atakula, kila mtu atatoa alama kati ya 10. Atakayegoma anaosha vyombo vya wiki nzima.

Nikauliza, je, anayetoa hela ana kura ngapi? Nikaambiwa moja.

Hela ningetoa bila manung'uniko. Kinachonimaliza ni kutumwa sokoni. Binti yangu mkubwa, kidato cha nne, ananitumia orodha kwenye simu, na orodha zenyewe zina majina kama ya wachezaji wa kigeni. Juzi juzi ilikuwa rozimari. Nimefika Mwanjelwa, nimesimama mbele ya mama muuza nyanya, nikamwamkia vizuri, nikauliza, "Mama, rozimari naweza kupata?"

Yule mama hakujibu. Alininyanyulia macho mpaka kichwani, akatulia pale. Sasa ndugu zangu, kichwa changu kiliachana na nywele zamani, kwa amani, bila ugomvi.

"Baba yangu," akasema kwa huruma ya kweli kabisa, "ile ya kuotesha nywele? Kwako wewe naona tumechelewa."

Meza nzima ikaangua kicheko. Nikajitetea kwamba nataka ya kupikia viazi. Wakacheka mpaka mmoja akashikilia gunia la karoti asianguke. Mwisho nikaipata kwa kijana wa viungo, kifungu chembamba kama mswaki, shilingi 2,000. Nikalipa kiume.

Nafika nyumbani, mke wangu anakinusa kile kifungu, anakigeuza geuza, anatoka nje, anarudi na tawi zima. Ule ua wa jirani! Ule ua ambao miaka yote nalalamika unanichokonoa suruali nikipita na baiskeli, ndiyo rozimari yenyewe. Mbuzi wa mtaa mzima, wanaokula hadi mifuko ya saruji, ua ule hawajawahi kuugusa, na sisi tunaunyunyizia kwenye viazi. Viazi vikanukia kama duka la dawa za asili. Nikatoa alama 3, na hizo zilikuwa za viazi, si za ua.

Nyama ya soya sitaisema sana. Vile vipande vikavu kutoka Tunduma, unaviloweka vinavimba, unavikaanga na kitunguu na nyanya. Nilitafuna kimoja nikakumbuka sponji la kuoshea vyombo. Chapati zilizokandwa na parachichi nazo zilipita. Hizo niliziangalia kwa uchungu wa kihistoria tu, maana mimi nimekulia Tukuyu, na enzi zetu parachichi lilikuwa linaanguka lenyewe usiku, puu!, asubuhi nguruwe wanashiba bila kumshukuru mtu. Leo malori yanapanda Rungwe kulifuata, wanalichuma kwa mkasi, wanalipanga kwenye makreti kama mayai, eti linasafiri nje. Tunda tulilokuwa tunarushiana tukichunga ng'ombe sasa lina safari nyingi kuliko mimi.

Lakini koliflawa. Hapo naomba tukae chini.

Jumamosi moja narudi nakuta harufu ya kitunguu kinakaangwa, nikasema leo Mungu amekumbuka. Binti yangu ananitangazia, "Baba, leo tuna wali." Moyo ukaruka. Nikanawa, nikakaa. Likaja bakuli lina vitu vyeupe vidogo vidogo, vinafuka mvuke. Nikachota. Nikaweka mdomoni. Nikaacha kutafuna.

"Huu wali umepatwa na nini?"

"Si mchele, Baba. Ni koliflawa. Unaikwangua kwenye kikwangulio, unaikaanga kidogo tu, inakuwa kama wali. Haina wanga mwingi."

Nilishusha kijiko taratibu. Nikamwuliza mwanangu kama anajua anaishi wapi. Tuko Mbeya! Ukishuka huku kupitia Tukuyu unafika Kyela, mchele wake ukipikwa nyumba ya tatu mate yanakutoka wewe wa nyumba ya kwanza. Ukielekea kule unakuta Mbarali na mashamba ya Usangu, mpunga mpaka macho yanachoka. Watu wa Dar es Salaam wanapigwa kila siku na wafanyabiashara wanaowauzia mchele wa kokote wakiuita wa Kyela, kwa sababu jina peke yake linanukia. Na wewe, mtoto wa Mnyakyusa, uliyezungukwa na mchele kila upande, unachukua ua la kabichi unalikwangua, unaliita wali? Mababu wakisikia watauliza tulikosea wapi.

"Baba," akasema mdogo wao, kitinda mimba wangu wa darasa la pili, "unaongea chakula kinapoa."

Nikatoa alama 2. Moja ya kitunguu, moja ya chumvi.

Halafu kuna ile siku ambayo nisingependa kuisimulia, ila nyumbani kwangu imeshageuzwa wimbo, bora muisikie kwangu. Jirani alitoka kumsalimia dada yake Tunduma, akaleta kitu kimefungwa kwenye karatasi, rangi ya kahawia, kimekatwa vipande kama keki. Nilikikuta mezani. Hakuna mtu. Nikaonja. Kina karanga, kina pilipili ya mbali, laini lakini kinashikana, ukifumba macho ni kama soseji. Nikasema hapa sasa, hiki ndicho chakula! Kuja kushtuka, nusu imekwenda.

Kijana wangu wa kidato cha tatu, anayejua kila kitu isipokuwa kufagia, akanikuta na ushahidi mdomoni. "Baba, hiyo ni chikanda. Wazambia wanaipenda sana. Inatengenezwa kwa viazi vya okidi."

"Okidi ndiyo nini?"

"Maua, Baba. Yale ya Kitulo."

Nilimeza, nifanye nini. Akaendelea kunisomesha pale pale, kwamba Kitulo watu wanaita Bustani ya Mungu, kwamba viazi vile vya maua vilikuwa vinachimbwa kwa wingi na kuvushwa mpakani kwenda Zambia, wanavisaga, wanachanganya na unga wa karanga, na hiyo ni moja ya sababu Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kwa maneno mengine, mimi ninayekataa koliflawa kwa sababu ni ua, nilikuwa nimekula bustani. Ya Mungu. Peke yangu, nikiwa nimesimama.

Nikasema sitatoa alama, haikuwa Jumamosi.

Sasa wiki iliyopita nikachoka. Walikuwa wanapanga uyoga, nikapiga meza, nikasema nyumba hii imekuwa maabara na mimi ndiye panya. Nikasema chakula halisi kinajulikana, hakihitaji simu wala rula. Mke wangu, kwa upole ule ambao baada ya miaka kumi na minane ya ndoa ningekuwa nimeshajifunza kuuogopa, akasema, "Sawa, Baba Watoto. Jumamosi pika wewe. Tuonyeshe."

Maharage! Nani anashindwa maharage? Nimeyala maisha yangu yote. Nikanunua yale ya njano, sado moja. Jumamosi saa nne asubuhi nikayaosha, nikayatia kwenye sufuria kubwa, na ili niokoe muda nikatia na nyanya, vitunguu na karoti humo humo kwa pamoja. Nikawasha gesi. Nikakaa pembeni na redio yangu kama mfalme.

Saa sita, mawe. Saa saba, mawe yaliyopata joto. Saa saba na nusu mtungi wa gesi ukakohoa, ukakata roho. Nikahamia kwenye mkaa, napepea kwa mfuniko wa ndoo, machozi yananitoka, mimi ninayechomelea chuma kila siku nasumbuliwa na mbegu.

Kijana akaja na elimu yake. "Uliyaloweka jana usiku?" Hapana. "Na nyanya ulitia tangu mwanzo?" Ndiyo. "Ndiyo maana. Ule uchachu wa nyanya unafanya maharage yasilainike. Yanatakiwa yaive kwanza ndiyo uunge. Halafu, Baba, huku tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar es Salaam. Kwa hiyo kila kitu kinachelewa kuiva."

Yaani hata maji ya Mbeya hayajitumi! Miaka yote nimeishi hapa hakuna aliyeniambia. Nikamwuliza mama yake anafanyaje basi, mbona yake yanaiva. Akanihesabia: analoweka usiku, anaanza alfajiri, anafunika na mfuniko mzito anaweka jiwe juu, na nyanya haioni maharage mpaka yamelainika. Na hayo yote yanafanyika mimi nikiwa bado nimejifunika mablanketi mawili.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini nikakumbuka magadi. Bibi yangu alikuwa anatia magadi kidogo, maharage yanalainika yenyewe. "Kidogo" ya bibi sikuwahi kuipima. Nikatupia kipande cha ukubwa wa kiberiti, nikaona hakitoshi, nikatupia na ndugu yake. Povu likapanda, likafurika, likazima nusu ya mkaa. Maharage yakapasuka maganda nje huku ndani bado yanagoma, na rangi yake siwezi kuitaja, sijawahi kuiona kwenye kopo lolote la rangi za mageti.

Saa kumi jioni tukakaa mezani. Watu watano, sahani tano, kimya. Harufu ilikuwa ya sabuni ya mche. Kitinda mimba akaonja, akaangalia juu, akauliza kwa heshima zote, "Baba, hiki ndicho chakula halisi?"

Daftari likaletwa. Nikasema leo nitaandika mwenyewe, mpishi ndiye anayejua. Nikajiandikia 9. Hapo ndipo nikaanza kupekua kurasa za nyuma nitafute zile 2 na 3 zangu, nipate ushahidi kwamba mimi ni mtu wa msimamo. Nikazikuta. Lakini pembeni ya alama zangu kulikuwa na mstari mwingine, mwandiko wa mke wangu, penseli, sijawahi kuuona. Rozimari na viazi: Baba 3, aliongeza mara 2. Nyama ya soya: Baba 4, aliongeza mara 1. Chapati za parachichi: Baba 4, aliongeza mara 3, moja aliificha mfukoni. Wali wa koliflawa: Baba 2, aliongeza mara 2, akakwangua sufuria baada ya sisi kulala.

Niliinua macho. Wote walikuwa wanaangalia sehemu nyingine, kwa adabu ambayo sikuwafundisha mimi.

Mke wangu akalivuta daftari taratibu, akalamba ncha ya penseli, akaichungulia sahani yangu, ambayo ilikuwa bado imejaa vile vile ilivyopakuliwa. Akaandika: Maharage. Baba 9. Aliongeza 0.