Nyumba Ipo, Tuma Kwanza

Asubuhi hii hata uso sijanawa, simu yaingia meseji: "Habari mpangaji, ile kodi ya mwezi huu tuma kwa namba hii, ile yangu nyingine ina shida. Mwenye nyumba." Mpangaji nani? Mimi nalala sebuleni kwa mamangu Majengo, kwa kochi ambalo miguu yangu yaishia chini ya meza ya tivii, na mwenye nyumba wangu wakati huo alikuwa jikoni akinisema mbona sijateka maji. Yaani nyumba yenyewe sijapata na kodi nishaanza kudaiwa.

Ndugu yangu mdogo kaoa, kwa hivyo chumba mwajua kimeenda na nani. Mimi kama kaka mkubwa nikasimama mbele ya wazee, nikakohoa kidogo, nikasema kwa heshima zote, "Mimi nitatafuta changu." Wazee wakanisifu, wakaniombea dua. Hakuna hata mmoja aliyesema kaa kwanza mwanangu.

Nikaanza mtandaoni kama watu wote. Bedsita Nyali, elfu nne, maji na stima juu ya mwenyewe, kutembea tu mpaka bichi. Nikaivuta ile picha kwa vidole, nikaivuta tena, na pale dirishani nyuma ya pazia naona KICC. KICC bana! Nyali gani hiyo wafungua dirisha waiona KICC? Nikamwandikia, kaka hapa si Nairobi? Akanijibu, "Picha ni ya mfano, nyumba yenyewe ni nzuri zaidi." Mwingine kaweka sebule yenye mahali pa kuota moto. Bamburi. Mwezi wa pili, sisi huku twalala sakafuni twatafuta saruji ilipo baridi, yeye yuatuuzia moto.

Halafu wenye nyumba wote wako Dubai. Ufunguo utaletewa na shemeji yake, ila tuma dipoziti kwanza, na fanya haraka kwa sababu kuna daktari aitaka. Kila nyumba kuna daktari aitaka. Sasa huko hospitalini kabaki nani?

Na kuna hii mpya, hii ndo yaninyima usingizi. Mtu akodi fleti ya wageni siku mbili, ajifanya ndiye mwenyewe, aonyesha watu kutwa nzima. Wewe waingia, wakaa kwa kochi, wafungua mfereji na maji yatoka, wawasha taa yawaka, watuma dipoziti na roho imetulia. Siku ya kuhamia mlango wafunguliwa na mzungu na taulo.

Basi nikasema mimi sitaki ya mtandaoni, mimi nataka dalali wa miguu, mtu namuona na macho. Nikaelekezwa kwa mmoja Kisauni, anasifika. Nimemkuta stejini kavaa shati limepigwa pasi, kipochi kiunoni, na mkungu wa funguo ambao askari jela angeuonea wivu. Salamu ndefu, akauliza wazazi, akauliza swala, nikaanza kumpenda. Kisha: "Sheikh wangu, pesa ya kuonyeshwa ni mia tano."

"Nitakupa nikishaona."

"Hiyo ni sheria ya ofisi."

"Ofisi iko wapi?"

Akapigapiga kile kipochi. "Hii."

Sasa mimi nimesoma kidogo, najua kuna bodi ya serikali ya kusajili maejenti wa nyumba, nikamuuliza kwa upole wewe bodi wakujua? Akanambia, "Mimi najua boda, na ndo ile, panda twende." Tukapanda mshikaki, yeye kati, mimi nyuma, funguo zanichoma mbavu mpaka Mtopanga.

Njiani ananisifia. Bedsita safi, elfu sita na nusu, vigae mpaka chooni, tokeni zako mwenyewe, mwenye nyumba ni Haji mmoja mcha Mungu hana maneno. Yuko wapi huyo Haji? Dubai. Nikanyamaza.

Tumefika. Jengo la ghorofa mbili, kamba za nguo, mtoto kajipaka ubuyu mpaka masikioni. Dalali asimama mbele ya mlango wa kijani aanza kujaribu funguo. Wa kwanza haukuingia. Wa pili ukaingia haukuzunguka. Yuatoa huu aingiza ule, ulimi nje, jasho lamtiririka, ananambia kitasa ni kipya kwa hivyo ni kigumu, na mimi nasikia ndani ya hiyo nyumba tupu harufu ya kitunguu chakaangwa. Nikamwambia, "Ami, mbona nyumba yapika?" Akasema ni jirani, harufu hupita ukutani.

Mlango ukafunguka kwa ndani. Mama mmoja, kanga kifuani, mwiko mkononi, akatuangalia kama watoza takataka. "Nyinyi ndo wa ngapi leo?"

Dalali hakutikisika hata kidogo, hapo nilimvulia kofia. "Mama, shikamoo, huyu ndo mpangaji mpya."

"Mpya wa wapi na mimi kodi nimelipa juzi?"

"Si ulisema wahama?"

"Mimi? Nilisema nahama lini? Nilisema natamani kuhama, hayo maji ya chumvi yamenimaliza nywele, kutamani ndo kuhama?"

Kabla hilo halijaisha, mkokoteni huo waingia uani. Godoro la futi tano kwa sita, meza, ndoo, pazia limefungwa fundo, na nyuma yake bwana na bibi harusi, hina haijafifia. Kijana mpole, "Asalaam aleikum, sisi ndo wa huu mlango wa kijani." Hatujajibu, tuktuk yasimama getini, ashuka kijana wa chuo na mtungi wa gesi na subwufa kubwa kuliko yeye. Yeye pia ni mlango wa kijani. Na wote wamelipa! Kila mtu akatoa simu akaonyesha meseji ya M-Pesa, na jina kwa zote ni moja, na ni la kike. Nikamgeukia dalali, Haji ni mwanamke? "Ni mkewe." Mkewe si yuko naye Dubai? "Ni mke mdogo." Wallahi alijibu bila kupepesa.

Halafu akainua mikono, akasema kwa sauti ya imamu, "Jamani tulieni. Nyumba ni moja, lakini riziki ni ya Mungu. Ngojeni nikampigie mwenyewe, hapa netiwaki haishiki." Akaenda getini kutafuta netiwaki. Netiwaki ikawa iko juu ya boda. Boda ikawa ishawashwa. Tulichobaki nacho ni mkungu wa funguo mlangoni, na hakuna hata mmoja uliofungua kitu.

Sasa hapo mwaweza kucheka, na mimi nilicheka, mpaka yule wa mkokoteni alipotaka nauli ya kurudi. "Mimi nililipwa kuja, kurudi ni hesabu nyingine." Jua la saa saba. Bwana harusi kakaa juu ya godoro lake kwenye nailoni, simu mkononi, apiga namba haipatikani, apiga tena. Bibi harusi kageukia ukuta atoa nyuzi kwenye buibui lake, moja moja. Zile zilikuwa dipoziti ya mwezi na kodi ya mwezi, elfu kumi na tatu, na zingine walichangiwa harusini. Kijana wa chuo akasema fowadi ile meseji kwa 456 pesa irudishwe, na yeye alishafowadi tangu tuko hapo, lakini mwajua wenyewe, hiyo yasaidia kama pesa bado iko, na hawa jamaa pesa haikai kwa simu, yatolewa hata jina hujamaliza kulisoma. Na jina lenyewe M-Pesa yakuonyesha kabla hujakubali kutuma! Waambiwa Haji, waona jina la kike, kidole bado chabonyeza sawa. Si ujinga, ni njaa ya nyumba. Mtu kaombwa atoke alipo mwisho wa mwezi, harusi ishapita, shemeji ashaanza kununa, wewe utasoma jina? Mijitu hiyo yajua hivyo, ndo maana nakwambia haiibi maskini kwa bahati mbaya, yachagua.

Walienda kuandikisha kituoni kwa polisi, wakapewa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Nzuri sana hiyo namba, tatizo hailaliki juu yake.

Yule mama wa mwiko ndiye aliyetupa maji ya kunywa, na akatusomea risala kabisa. Mbona hamkuja jana peke yenu? Mbona hamkumuuliza mwenye duka pale kona? Mama wa mahamri pale getini ajua nani kalipa, nani kafungiwa, nani kaachwa, mahamri mawili na mbaazi wapata habari za jengo zima. Kertekaa yuko chumba cha chini, anaitwa Mzee tu, yeye ndo hupokea pesa na huandika risiti kwa kitabu. Njoo usiku uone stima, njoo asubuhi uone maji. Hapo kwa maji nikataka kusikia vizuri, kwa sababu kila tangazo ni "maji masaa 24". Mama akacheka mpaka akaketi. Ya kisima ndiyo, masaa 24, chumvi tupu, sabuni haitoi povu. Yale matamu yatoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, bomba tangu enzi za mkoloni, kilomita zaidi ya 200, na mimi nahisi yakifika Voi huulizana kama kuna haja ya kuendelea.

Kuna sheria, eti. Ile sheria ya kudhibiti kodi yalinda mpangaji wa nyumba isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa 2,500 Mombasa hii nionyesheni mlango nikapige picha nao.

Jioni nikapita barazani Mji wa Kale, roho imechafuka, nikawaeleza wazee. Nilidhani watanipa pole. Mzee mmoja akasema mimi nina haraka, kwanza nyumba nyingi hapa hata mwenye nyumba si mwenye ardhi, waweza kumlipa mwenye mabati na kesho aje mwenye mchanga. Nyumba bila ardhi, hiyo ni yetu Mombasa. Mwingine akasema hata Mwingereza alikuwa mpangaji hapa, pwani yote hii aliikodi kwa Sultani wa Zanzibar 1895, akalipa kodi kila mwaka mpaka 1963, na bendera nyekundu ya Sultani ikipepea juu ya Fort Jesus muda wote huo ili mtu asijisahau.

Nikauliza, dipoziti aliweka ya miezi mingapi?

Ikawa vita. Huyu asema hakuweka, yule asema manuwari si dipoziti hiyo, wa tatu asema je alipohama alipaka rangi? Wakaniacha na shida yangu, wakashikana na Sultani mpaka isha. Muuza kahawa alipokuja kuhesabu vikombe, wote wakanigeukia mimi, eti leo hii hapa ni mimi peke yangu nimetoka kutafuta nyumba na pesa bado ninazo. Nikalipa. Na kashata.