Pevingi Waja Leo, Waondoka Leo

Watu wa Tanga tuna msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Zamani walisemwa wageni, siku hizi zinasemwa pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandika njia. Jumatatu zinapangwa, zimenyooka mpaka unaona haya kuzikanyaga na kandambili za matope. Ijumaa wanafika wa maji na sururu. Ati kuna bomba lao hapo chini! Kwani hilo bomba liliingia usiku kwa kunyata?

Jamani, mpangilio wenyewe hauhitaji mtu kusoma Ulaya. Unachimba mtaro, unalaza bomba, unalijaribu kwa presha kabla ya kufukia ili kiungo kinachovuja kijitangaze chenyewe. Unafukia, unashindilia, ndipo unapanga pevingi. Na pale ambapo bomba jingine litakuja kukatiza baadaye, unalaza kabisa bomba tupu la inchi 4, ncha zimezibwa, ili kesho mtu apitishe lake bila kung'oa kitofali hata kimoja. Bomba tupu tu! Lakini wa barabara ana fungu lake, wa maji lake, wa nyaya lake, na mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Basi Mei, katikati ya masika, kila mmoja anakumbuka kuchimba. Ukipita Ngamiani, kwenye mitaa yetu ya namba, utadhani Mjerumani alifukia dhahabu kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kuchimba ningesamehe. Kufukia ndiko kunakonitoa roho. Bomba linataka kulalia mchanga, na kufunikwa mchanga usio na mawe, unaoshindiliwa kwa mkono. Mashine inasubiri mpaka juu ya bomba pawe na sentimita 30. Kutoka hapo udongo unarudi kwa tabaka za sentimita 15, unyevunyevu kidogo, unapigwa, ndipo tabaka jingine. Wao wanamwaga kifusi chote kwa mkupuo, na matumbawe yake, na chupa zake, na kiatu cha mtu. Uliza uone.

"Fundi, mbona hamshindilii?"

"Mzee wangu, mvua itashindilia."

Na kweli inashindilia! Udongo unashuka, pevingi zinabonyea, panatokea bonde refu linalofuata bomba. Asiyewahi kuona ramani ya maji ya mtaa wake ataijua kwa kuteguka kifundo.

Tena hizo pevingi zina hesabu yake. Za kupita watu ni unene wa sentimita 6, za kupita magari 8. Wanaweka za 6, halafu lori la soda linapanda na kreti zake zote kwa sababu barabarani pana bajaji. Mchanga wa kutandikia ni sentimita 3 tu, juu ya changarawe iliyoshindiliwa. Fundi mvivu akikuta shimo haendi kuongeza changarawe, analijaza mchanga huohuo mpaka usawa. Kebistoni, yale mawe ya kuzuia ukingo, nazo hazipo, kwa hiyo mchanga unatoroka, na pevingi zinacheza ngoma ya mdumange. Zinang'olewa mia, zinarudi themanini. Ishirini utazikuta zimekuwa mafiga. Pengo linazibwa kwa zege, ili safari ijayo waje na nyundo kubwa zaidi.

Wenzetu wa Kanada wana kilio chao, maji yanaganda ndani ya bomba. Maji yakiwa barafu hutanuka kwa kama asilimia 9, bomba likapasuka. Kwa hiyo wanalizika chini kuliko baridi inakofika, sehemu nyingi mita moja na nusu au zaidi, na usiku wa baridi kali mtu anaacha koki ichuruzike ili maji yasitulie. Sisi tukiacha koki wazi usiku inatoka hewa, na mita inazunguka vilevile! Wao baridi imewatia adabu. Sisi jua limetudekeza, bomba linalazwa sentimita 20. Saa nane mchana maji yanatoka tayari kwa chai, na jembe la mpanda muhogo linalifikia kwa pigo la kwanza.

Likikatwa, dawa yake ni kuondoa kipande kilichoumia na kuunga kipya kwa koplingi mbili, viungio vya kila ncha. Tanga mji wa baiskeli, kwa hiyo linafungwa mpira wa tairi la ndani. Mchana unashika, maana watu wote wamefungua na presha iko chini. Usiku watu wakilala presha inapanda, mpira unaachia. Maji yametoka bwawa la Mabayani, yametiwa dawa, yamesukumwa kilomita kadhaa, yanafika kuosha mchanga chini ya pevingi.

Sasa kwenye kona moja iliyopangwa juzi wamechora alama nyekundu juu ya pevingi. Wa barabara anasema si yake. Wa maji anasema si yake. Wa nyaya anasema wao bado hawajaanza.