Dufile: tukichimba tunamtafuta nani?

Kila ikitajwa habari ya kuichunguza ngome ya Dufile kule Moyo, kaskazini mwa Uganda, kando ya Nile, kuna watu wanakasirika, na mi nawaelewa. Wanasema hilo ni boma la wakoloni, Emin Pasha alilijenga 1879 akiwa gavana wa serikali ya Misri, sasa kwa nini pesa ziende huko wakati mahame ya Bigo na Ntusi, kazi ya mababu zetu wenyewe, zinaota nyasi? Hoja nzito hiyo. Na mkulima wa pale ana haki ya kuuliza shamba lake litafungwa mpaka lini.

Ila Emin hatafutwi na mtu. Barua zake zipo tele, Jephson, Mwingereza wa msafara wa Stanley, aliyefungwa naye humo 1888 askari walipoasi, aliandika pia. Ambao hawakuandika ni askari wa Kisudani, wake zao, watoto, watumwa wa nyumbani, na Wamadi, wenyeji wa pale, waliobebeshwa mizigo. Hao tutawapata jalalani na kwenye majivu ya meko, basi.

Na ndo maana msomi wa fani moja hatoshi. Ngome iliachwa baada ya vita na Wamahdi, wafuasi wa Mahdi wa Sudan, mwishoni mwa 1888, Wabelgiji wakaja kukaa 1902 mpaka 1907, yani katikati ni miaka kumi na kitu tu, udongo peke yake hautakutenganishia. Maganda ya risasi yanasaidia, maana watu wa Emin walikuwa na bunduki za Remington na wa Wabelgiji walikuja na za Albini. Halafu mtu wa mbegu, mtu wa mifupa, mtu wa vyungu.

Hapo kwenye vyungu ndo mi nakwama kila siku. Kama vyungu vya ndani ya boma vimefinyangwa Kimadi, basi labda wanawake wa pale pale waliishi humo, kwa ndoa au kwa nguvu, na Wanubi wa Bombo na Arua, ambao babu zao ni hao askari wa Kisudani, Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua 1891 na mpaka leo kuna wanaowaita wageni, wana bibi zao Moyo. Au vilinunuliwa tu, inawezekana, ndo maana lazima jiko lenyewe lionekane, na wazee waulizwe.

Pesa za Bigo zidaiwe, tena kwa sauti. Kwa Dufile mi nadai wazee wa Kimadi na wa Kinubi wakae na wachimbaji tangu siku ya kwanza, sio kuitwa siku ya picha, na vitakavyopatikana viwekwe mahali mtu wa Moyo ataviona bila kupanda basi la Kampala.