Apple Park na Cupertino: mji ulipokuwa na nguvu na haukuitumia

Tarehe 7 Juni 2011, miezi minne kabla ya kufariki, Steve Jobs, mwanzilishi wa kampuni ya Apple, alisimama mbele ya baraza la mji wa Cupertino, California, akaonyesha picha za jengo la duara, ambalo leo ni Apple Park, la ghorofa nne, la kuchukua wafanyakazi 12,000. Mji wenyewe ulikuwa na wakazi wapatao 58,000. Diwani mmoja akamuuliza wananchi watafaidika nini. Jobs akajibu kuwa Apple ndiyo mlipakodi mkubwa kuliko wote pale na ingependa kubaki na kuendelea kulipa; ikishindikana, itabidi ihamie mahali kama Mountain View na watu wake iondoke nao. Alipoombwa intaneti ya bure kwa wakazi, alisema msimamo wake ni rahisi: kampuni inalipa kodi, na kazi kama hizo ni za mji. Wakiisamehe kodi, ataiweka intaneti kwa furaha.

Novemba 2013 baraza likaupitisha mradi kwa kauli moja. Aprili 2017 wafanyakazi wakaanza kuhamia. Mabishano kuhusu nani alipata na nani alipunjwa hayajaisha mpaka leo.

Wanaoutetea mradi wana hoja nzito kuliko wapinzani wanavyopenda kukiri. Kiwanja kile hakikuwa msitu wala mtaa wa watu. Zilikuwa ofisi za zamani na maegesho ya lami, sehemu kubwa mali ya Hewlett-Packard, iliyoamua kuondoka. Apple ikanunua ekari 98 mwaka 2010 na kuziunganisha na ardhi yake hadi kufikia ekari 175. Magari yakapelekwa chini ya ardhi na kwenye majengo ya maegesho, juu ikapandwa maelfu ya miti. Ghala la mbao la familia ya Glendenning, la mwaka 1916, likahifadhiwa. Kampuni ilikubali pia kuwa idadi ya wafanyakazi wasiokuja kazini peke yao garini ipande kutoka asilimia 28 hadi 34, sharti linalopimika na linaloweza kufuatiliwa.

Linganisha na Amazon. Mwaka 2017 ilitangaza kuwa inatafuta mahali pa makao makuu ya pili, na maeneo 238 yakajitokeza kushindana kwa misamaha ya kodi. New York ilikubali kutoa karibu dola bilioni 3, kisha Februari 2019, upinzani wa wenyeji ulipopamba moto, Amazon ikaondoka. Apple haikuwapigisha watu mnada wa namna hiyo. Ilijenga nyumbani, karibu na shule ya sekondari ya Homestead aliyosoma Jobs mwenyewe.

Upande wa pili, jirani wa mradi ule aliona mambo mengine. Kipande cha barabara ya Pruneridge, kati ya Wolfe na Tantau, kilifungwa moja kwa moja ili eneo liwe moja ndani ya uzio. Aliyekuwa akipita hapo kila asubuhi sasa anazunguka. Ripoti ya mazingira ilikiri wazi kwamba athari nyingine za foleni zisingeondolewa hata kwa hatua zilizopendekezwa. Na ndani ya ekari zote zile haikujengwa hata nyumba moja ya kuishi. Maelfu ya watu wenye mishahara minono wakaingia kugombania nyumba na walimu, wauguzi na wahudumu wa mikahawa.

Hapa lakini siwezi kuitupia kampuni lawama yote. Jengo la maduka la Vallco, lililokuwa linakufa kusini kidogo tu ya Apple Park, lilizozaniwa miaka na miaka. Novemba 2016 wapiga kura waliletewa mapendekezo mawili yaliyopingana kuhusu eneo hilo na wakayakataa yote mawili. Wenye nyumba wa Cupertino walifurahia thamani ya nyumba zao kupanda, kisha wakagoma nyumba mpya zisijengwe jirani. Mwaka 2019 Apple ilipoahidi dola bilioni 2.5 kwa tatizo la makazi California, ilikuwa inachangia kutibu jeraha ambalo haikulisababisha peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni kodi. California, sehemu ya kodi ya mauzo hurudi kwenye mji ambao mauzo yamehesabiwa kufanyika. Kodi ya majengo imebanwa kwa sheria tangu 1978, na mgawo wa Cupertino katika kodi hiyo ni mdogo sana. Kwa hiyo mji wenye kampuni inayouza sana ukajikuta unaishi kwa mauzo ya kampuni hiyo. Na tangu miaka ya 1990 kulikuwa na mkataba kati ya mji na Apple: nusu ya mgawo wa mji katika kodi iliyotokana na mauzo ya Apple kwa kampuni nyingine ilirudishwa kwa Apple yenyewe. Mwaka 2013, wakati wa kuidhinisha mradi, kiasi hicho kilishushwa hadi asilimia 35.

Madiwani waliona huo ni ushindi. Mimi naona walikubali kidogo mno. Apple ilikuwa imeshanunua ardhi na imeshachora jengo, na mwanzilishi wake alikuwa amelitetea hadharani katika miezi yake ya mwisho. Tishio la kwenda Mountain View lilikuwa limekwisha nguvu. Ile ndiyo ilikuwa saa ya kuufuta mkataba na kudai nyumba za bei nafuu kwa maandishi.

Baadaye mlango ukafungwa. Mwaka 2016 meya Barry Chang alipendekeza Apple ichangie dola milioni 100 kwa miundombinu. Hoja ikakosa hata diwani mmoja wa kuiunga mkono. Mwaka 2018 likaja wazo la kodi kwa kila mfanyakazi, baraza likaliahirisha. Hofu yao ya kuifukuza kampuni ilikuwa na msingi: Seattle, makao ya Amazon, ilipojadili kodi ya aina hiyo, Amazon ilisimamisha mipango ya mnara wake; baraza la huko likapitisha kodi ya dola 275 kwa kila mfanyakazi wa kampuni kubwa tarehe 14 Mei mwaka huo, na tarehe 12 Juni kodi ikafutwa. Lakini Novemba hiyohiyo wapiga kura wa Mountain View, yaliko makao ya Google, waliipitisha kodi yao. Google haikuhama.

Mwaka 2023 Cupertino ilitangaza kuwa ukaguzi wa idara ya kodi ya jimbo, kuhusu jinsi mauzo ya mtandaoni ya mlipakodi mmoja yalivyohesabiwa, ungeukosesha mji karibu robo tatu ya mapato yake ya kodi ya mauzo. Mji haukutaja jina. Vyombo vya habari vya huko viliandika kuwa ni Apple. Ilibidi mji upunguze huduma na ufute nafasi za kazi, huku jengo la duara likiwa palepale, limejaa watu. Wale waliosema 2013 kwamba Apple ikibaki bajeti itakuwa salama waliahidi jambo ambalo halikuwa mikononi mwa Apple wala mwa baraza.