Kabla ya kununua kompyuta, mpeni mwalimu wa praimari wani spika

Ukipita karibu na darasa langu asubuhi utatusikia kabla hujatuona. Watoto 83 wanasoma ba be bi bo bu kwa pamoja na huko nje malori yanayongoja kuvuka mpaka yanapiga honi, ndo Busia yetu hiyo, upande wa Uganda. Kati ya hao 83 kuna wanaoongea Kisamia nyumbani, kuna wa Kiteso, kuna wa Kiganda, na kuna waliokulia sokoni kabisa ambao lugha yao ya kwanza ni hiki Kiswahili chetu cha mpakani. Mimi nafundisha praimari wani, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, na kila muhula lazima atokee mtu, mzazi au mgeni au mwanakamati, aniulize: ticha, hao watoto mtawaletea lini kompyuta?

Nimefikiria sana hilo swali na leo nataka nilijibu vizuri. Mtoto wa miaka sita anayejifunza kusoma haja yake kubwa ni kusikia na kusema, kusikia tena na kusema tena, na kifaa kinachomsaidia kufanya hivo ndo nakitaka darasani, kiwe mkononi mwa mwalimu wake. Skrini ya kila mtoto inaweza kungoja.

Nieleze nilivofika hapo.

Mwaka jana nilikua na mtoto mmoja, mama yake anauza chapati karibu na stendi ya magari. Muhula wa kwanza wote hakusema neno darasani. Ukimuuliza kitu anachukua kola ya sare anaitia mdomoni, anakuangalia tu. Wenzangu walishaanza kusema labda hasikii vizuri, wengine wakasema ana tatizo la kichwa, na mimi ilikua inaniuma manake wakati wa mapumziko nilikua namuona anacheza kati, ule mchezo wa mpira, na anapiga kelele kama watoto wengine. Siku moja nikamchukua chini ya mwembe nikiwa na simu yangu, nikamwekea kadi ya maneno ambayo nilikata kwenye boksi la sabuni, nikamwambia wewe soma, mimi nitaangalia huko barabarani. Akasoma kwa kunong'ona, ku-ku a-na-ku-ra. Nikazima kurekodi nikamfungulia asikie.

Alirudi nyuma hatua moja akaikazia simu macho. "Huyo ni nani?" Nikamwambia ni wewe. Akanyamaza kidogo, alafu akasema "tena." Mara ya pili alisoma kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Mara ya tatu alipojisikia amesema anakura, mimi sijafungua hata mdomo, akasema mwenyewe "hapana, anakula," akaishika ile kadi akasoma upya mpaka mwisho.

Nimewahi kumsahihisha mtoto l na r mara mia na asisikie tofauti. Sababu ni kwamba mtoto mdogo akiwa anasoma akili yake yote iko kwenye zile herufi, anazisukuma moja moja kama mtu anayesukuma toroli kwenye matope, hana nafasi ya kujisikiliza. Ukimrekodi unamgawia kazi mara mbili, kwanza asome, alafu akishamaliza akae asikilize kama anamsikiliza mtu mwingine, na hapo ndo sikio lake linashika kosa. Hiyo kitu haihitaji programu ya gharama wala intaneti, inahitaji simu yoyote ya kurekodi na mtu mzima aliye na subira.

Sasa utaniuliza, watoto 83 utafanya hivo saa ngapi? Kweli siwezi kumpeleka kila mmoja chini ya mwembe. Nilichofanya nilinunua spika ndogo ya kuchaji, ile inayoingia memori kadi, nikawagawa vikundi vinane vya watoto kumi kumi hivi, na kila siku vikundi viwili vinarekodi huku wengine wanaandika au wanahesabu kwa vifuniko vya soda. Kikundi kinasoma hadithi fupi pamoja, kila mtoto sentensi yake, alafu tunaifungua kwenye spika darasa zima lisikie. Usiombe uone siku hiyo! Mtoto akisikia sentensi yake inatoka kwenye spika anamgusa jirani, ni mimi, ni mimi, na wiki inayofuata hataki kusoma vibaya manake anajua atasikika.

Kuna siku inashindikana. Mvua ikinyesha kwenye mabati hakuna spika itakayosikika, hapo tunaacha tunaimba. Na chaji ikiisha imeisha.

Kitu kingine ambacho sauti imenisaidia ni lugha. Mtaala ulioanza 2007 unasema P.1 mpaka P.3, yaani praimari wani mpaka ya tatu, mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, P.4 ndo aanze kuhamia Kiingereza. Mimi naukubali kabisa manake mtoto hawezi kujifunza kusoma lugha asiyoijua, lakini mji wa mpakani wenye lugha nne, lugha ya eneo ni ipi? Kitabu kikija kinakuja kwa lugha moja na wengine wanabaki nje, na serikali yenyewe mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima lakini kwa hawa wadogo vitabu vyenyewe nimeona vichache sana. Kumbe bibi mmoja hapa mtaani akinisimulia hadithi ya sungura na fisi kwa Kisamia, na fundi baiskeli mmoja akanisimulia hiyohiyo kwa Kiteso, na mimi nikaisoma kwa Kiswahili, tayari nina hadithi tatu kwenye memori kadi na sijangoja mtu wa kuchapisha. Mtoto anaisikia kwanza kwa lugha ya mama yake, anaielewa, anacheka, alafu tukija kuisoma kwenye ubao kwa Kiswahili anajua fisi anaenda kuanguka wapi. Pia kuna hadithi za tovuti ya African Storybook, ni za bure, ziko za lugha zetu nyingi za Uganda, unaweza kuzipakua siku una bando ukazichapisha au ukazisoma kutoka kwenye simu bila intaneti.

Bando nalo ni gharama, tusidanganyane. Mwaka 2018 tulianza kulipa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ili ufungue WhatsApp, mwaka 2021 serikali ikaiondoa ikaweka kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Kwa mwalimu anayetumia mshahara wake kutafuta vitu vya darasa hiyo ni hela inayoonekana. Ndo maana mtu akiniletea mpango wa kufundisha watoto wadogo ambao lazima intaneti iwepo kila siku, mimi namshukuru na namwambia hapana.

Na kompyuta nimeziona. Shule moja niliyofundisha kabla ya hapa ililetewa kompyuta 15 na wafadhili, zikawekwa kwenye chumba chenye mlango wa chuma, ufunguo ukawa ofisini. Umeme ulikua unakuja na kukatika, hakuna mwalimu hata mmoja wa madarasa ya chini aliyefundishwa kuzitumia, na kwa miaka miwili darasa langu liliingia kile chumba mara moja tu, siku wageni walikuja kupiga picha. Watoto walikaa watatu watatu kwenye kila mashine, wakaambiwa washike mausi. Wakatolewa. Mmoja aliniuliza njiani tukirudi darasani, "tutarudi kesho?" na mimi sikua na jibu, na mpaka leo nikikumbuka lile swali moyo unanichoma.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya, waliahidi laptopu za darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013, vifaa vikaanza kufika 2016 vikiwa tableti, zaidi ya milioni moja zikagawiwa shule za msingi za serikali. Ni kazi kubwa na mimi siibezi. Lakini ziko shule ambazo vile vifaa vilirudi kabatini, na ukisikiliza walimu malalamiko ni yaleyale, mafunzo machache, chaji, woga wa wizi. Kifaa kilifika kwa mtoto kabla mwalimu hajafunzwa vya kutosha.

Halafu kuna Tanga, Tanzania, na huu mfano naupenda kwa sababu unanipinga kidogo. Kati ya 2017 na 2019 kulikua na majaribio ya shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 kwenye vijiji zaidi ya 170 wakapewa tableti zenye masomo ya Kiswahili, zinachajiwa kwa sola, zinafanya kazi bila intaneti, watoto wengi wao hawajawahi kukanyaga shule. Baada ya miezi 15 karibu nusu ya waliokua hawajui kusoma hata neno moja wakawa wanaweza. Zawadi ya dola milioni 10 wakagawana washindi wawili. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa niseme skrini haifundishi, inafundisha, tena kijiji kisicho na mwalimu ningeiombea mimi mwenyewe. Ila angalia ni nini kilifanya kazi pale, lugha ni ya mtoto, intaneti haihitajiki, jua ndo umeme, na mtoto anasikia neno linatamkwa kila akigusa. Hayo mambo hata spika yangu inayo, imebaki sola tu, na juu yake sisi tuna mwalimu.

Mwalimu anasikia pia, hapo ndo tofauti. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa zote Januari 2022, karibu miaka miwili, na kipindi hicho masomo yalikua yanarushwa redioni na kwenye TV. Jirani yangu alikua na redio, watoto wa pale uani walikua wanakusanyika, sauti ya redio ikiuliza swali wanajibu kwa nguvu, wanajibu kweli, wengine vibaya wengine vizuri, na redio inaendelea na swali lingine. Haikua inawasikia. Tuliporudi nilikua na watoto wa miaka sita na wa miaka tisa kwenye darasa moja la P.1, wengi wakijua kuitikia na hawajui kusoma.

Kwa watoto wa nasari ndo kabisa, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema walio chini ya miaka mitano wasizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na wa chini ya miaka miwili wasikae nayo kabisa. Sasa mtoto anaamka na katuni kwenye simu ya mama, jioni anarudi kwenye katuni, na sisi katikati tumuongezee nyingine? Mtoto huyo mpe udongo, mpe vijiti, mpe wimbo.

Walimu wenzangu, jambo moja naomba. Tukishika simu darasani tusiweke sura na sauti za watoto kwenye status. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, lakini hata kama sheria isingekuwepo, yule mtoto ametuamini. Mimi mwisho wa muhula nafuta kila kitu, isipokua mzazi akiomba ya mtoto wake.

Yule mama wa chapati aliomba. Alikuja na unga bado mikononi, nikamfungulia ya muhula wa kwanza na ya mwezi wa kumi na moja, akazisikiliza zote mbili ameegemea mlango wa darasa, akaniambia madamu nitumie hiyo ya mwisho, baba yake yuko Juba.

Kikao cha kamati ya shule ni wiki ijayo. Nimeandika barua naomba spika tatu, moja P.1, moja P.2, moja P.3, na paneli moja ndogo ya sola ya kuzichaji, na siku mbili za walimu wa madarasa hayo kukaa pamoja tufundishane kurekodi. Hela yote haifikii kompyuta moja. Na kama uko Busia au Tororo na una mzee nyumbani anayejua hadithi za Kiteso, za sungura au za zimwi, yoyote ile, mrekodi dakika tano uniletee. Za Kisamia ninazo kumi na mbili, za Kiteso bado ni mbili tu.